Maserati GranTurismo ya mtumba: anza na giaboksi, rangi itafuata

Maserati GranTurismo ilipotoka mwaka 2007 iliuzwa Uingereza kwa karibu pauni 80,000. Leo zile za mwanzo, zenye injini ya lita 4.2, mara nyingi zinapatikana huko huko kwa chini ya pauni 25,000. Pesa hiyo hainunui Prado jipya. Bei ya gari imeshuka, ya vipuri haijashuka hata kidogo, na fundi anayelifungua bado anatoza kama anayefungua gari la pauni 80,000. Ukilielewa hilo kabla ya kutuma pesa, umeshaelewa nusu ya biashara hii.

Nusu ya pili ni kujua kipi cha kuogopa. Watu wengi huogopa injini kwa sababu imetengenezwa na Ferrari kule Maranello. Wanaogopa pasipostahili. Ni V8 imara, na taimingi yake inaendeshwa na mnyororo, tofauti na Maserati 3200 GT iliyotangulia, ambayo mkanda wake wa taimingi lazima ubadilishwe kwa ratiba. Anayekuuliza kama "mkanda umeshabadilishwa" kwenye GranTurismo hajui anachokiuliza, na muuzaji anayejibu kwamba ndiyo, umebadilishwa, mwepuke. Kinachokula pesa ni vitu vinavyoizunguka injini: giaboksi, miguu ya mbele, kutu, na miaka ambayo gari lilisimama bila kutembea.

Zipo za aina ngapi

Gari lilizinduliwa Geneva Machi 2007, mwili ukiwa umechorwa na Pininfarina, na kuundwa Modena hadi Novemba 2019. Ya kwanza ni ya lita 4.2, nguvu farasi 405. Mwaka 2008 ikaja GranTurismo S ya lita 4.7, farasi 440. Mwaka uliofuata S ikapewa giaboksi ya otomatiki, na GranCabrio ya paa la kitambaa ikatoka. MC Stradale, ambayo ni kali zaidi na mwanzoni ilikuwa na viti viwili tu, ilionyeshwa Paris mwaka 2010 ikiwa na farasi 450. Mwaka 2012 Sport ya farasi 460 ikachukua nafasi ya S. Marekebisho ya mwisho ya sura, yenye grili mpya na skrini ya inchi 8.4, ndiyo magari ya mwaka wa modeli 2018 na 2019.

Ukitaka ushauri wa moja kwa moja: 4.7 ya otomatiki, kuanzia S Automatic ya 2009 na kuendelea. Ile ya 4.2 si mbaya, ila gari lina kilo 1,880, na torki ya 460 Nm inayofika kileleni kwenye mizunguko 4,750 humfanya dereva akanyage sana mafuta ili lichangamke. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti ya furaha.

Giaboksi ndiyo inayoamua utaishi vipi na gari hili

Kuna mbili, na ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni otomatiki ya gia sita ya ZF, 6HP26. Imefungwa nyuma ya injini kama kawaida na ina toki konveta. Giaboksi ya familia hiyo hiyo imefungwa kwenye BMW 7 Series ya wakati ule, Jaguar XJ na Land Rover Discovery 3. Maana yake fundi wa Nairobi au Dar es Salaam aliyezoea giaboksi za Discovery 3 anaijua hii bila kujua kwamba anaijua, na oili, sili na chujio vinapatikana bila kuagiza kutoka Modena.

Ya pili inaitwa MC Shift. Hii ni giaboksi ya manyuo iliyofungwa nyuma ya gari pamoja na difu, ina klachi halisi, lakini klachi hiyo inakanyagwa na pampu ya haidroliki badala ya mguu wako. Utaitambua upesi: haina P. Ilikuja na S ya mwanzo na MC Stradale, na ilipatikana kwenye baadhi ya Sport. Barabarani, gari likiwa mbio, ni tamu kuliko ZF, na uzito huhamia nyuma kidogo, asilimia 47 mbele na 53 nyuma. Kwenye foleni ya Mombasa Road au Sheikh Zayed Road ni adhabu.

Sababu yake ni hii. Gari la otomatiki ukiachia breki linajisogeza lenyewe, na toki konveta inafanya kazi hiyo ndani ya oili bila kulika. MC Shift haina kitu cha namna hiyo. Kila hatua ya nusu mita kwenye foleni, kila kurudi rivasi kupanda kijimwinuko cha kuegesha, ni sahani ya klachi inayosuguana ikiwa nusu imeshika. Dereva akilizuia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki, anaichoma. Kwa hiyo kilomita hazikwambii klachi imebaki kiasi gani: kuna iliyoisha kwenye kilomita chache za mjini na kuna iliyokwenda mara mbili au tatu ya hizo kwenye barabara kuu.

Njia ya kujua ni moja. Mashine ya kupima yenye programu ya Maserati inasoma ulikaji wa klachi kwa asilimia. Dai picha ya skrini hiyo ikiwa na namba ya chesisi na tarehe. Muuzaji akikataa, hesabu bei ya klachi mpya na uitoe kwenye bei ya gari, kwa sababu ndicho anachokificha. Uliza pia: klachi ikishabadilishwa, je, sehemu ya kushikia ilipangwa upya kwa kompyuta? Fundi akifunga klachi mpya na kuacha mpangilio wa ile ya zamani, gari huruka linapoondoka na klachi mpya hulika upesi kama iliyotangulia.

Halafu sikiliza pampu. Ukifungua mlango wa dereva baada ya gari kulala, utaisikia ikijaza presha kwa sekunde kadhaa na kunyamaza. Hiyo ni sawa. Injini ikiwa inaunguruma na hubadilishi gia, pampu isiwashe kila baada ya sekunde chache. Ikiwa inarudia rudia hivyo, kihifadhi presha kimechoka au kuna mahali inavuja, na pampu yenyewe itaungua kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Kwa ZF, shida ni oili. Iliandikwa kwamba ni ya maisha yote ya giaboksi, na wengi wakaamini. ZF wenyewe wanapendekeza ibadilishwe kila kilomita 80,000 hadi 120,000 au kila miaka minane, kipi kitangulie. Gari la 2010 lenye kilomita 60,000 tu na oili ya kiwandani limeshachelewa kwa miaka. Dalili za oili iliyochoka ziko tatu: kishindo gia ya tatu ikirudi ya pili na ya pili ikirudi ya kwanza unaposimama, mtetemo mwembamba, kama unapita juu ya mbao zenye mikunjo, ukiwa kwenye kilomita 60 hadi 80 kwa saa huku umekanyaga mafuta kidogo, na kuchelewa kushika ukitia rivasi. Dalili hizi zikiwa nyepesi, mara nyingi oili mpya inatosha. Zikiwa nzito, mekatroniki (kizio cha vali na kompyuta kilichomo ndani ya giaboksi) au toki konveta imeshaumia.

Kazi yenyewe fundi mzuri anaifanya kwa nusu siku. Pani ya chini ni ya plastiki na chujio limo ndani yake, kwa hiyo unabadilisha pani nzima. Usikubali "tumeisafisha chujio". Ikiwa wazi, badilisha pia sili ya plagi ya umeme inayoingia kwenye giaboksi, maana ndiyo inayovuja mara nyingi, na sili ya daraja inayounganisha mekatroniki na mwili wa giaboksi. Sili hizi ni rahisi kwa bei, lakini kuzifikia tena baadaye ni kurudia kazi yote. Nunua lita 8 za ZF Lifeguard 6. Kwa kumwaga kwa kawaida hutoka lita 6 hadi 7. Gari liwe juu limelala sawasawa, ujaze hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia, uwashe injini, upitishe gia zote polepole, kisha uongeze injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kati ya nyuzi 30 na 50. Ikizidi hapo imeshatanuka, na kipimo kitakudanganya. Oili ya kawaida ya otomatiki, ATF ya Dexron, isiingie humo, hata kama fundi ataapa kwamba amewahi kuitia na gari likaenda.

Kilomita chache si sifa

Tangazo likisema "kilomita 22,000 tu, gari la miaka 14", usifurahi mapema. Gari hili linaharibika likisimama. Sili za mpira hukauka na kuvuja, bushi hupasuka, betri hufa na kuacha kompyuta zikilalamika, diski za breki hupata kutu, tairi huzeeka zikiwa na mifereji mizuri juu. Lenye kilomita 90,000 na stakabadhi ya matengenezo ya kila mwaka, hata mwaka lilipotembea kilomita 3,000 tu, ni salama kuliko lile la gereji lisilo na karatasi.

Stakabadhi ndizo za kusoma, si mihuri ya kitabu. Muhuri mtu yeyote anaweza kuchonga. Stakabadhi inakuonyesha namba ya chesisi, inayoanza na ZAM kwa GranTurismo, kilomita za siku hiyo, oili gani ilitiwa na nini kilionekana kimechoka. Zipange kwa tarehe uone kama kilomita zinapanda bila kurudi nyuma. Tafuta pia mara zile fundi alipoandika "bushi za mbele zimechoka, mteja ameshauriwa" na mwaka uliofuata hakuna bushi zilizonunuliwa. Hapo umeshampata mmiliki anayeahirisha, na kilichoahirishwa kinakusubiri wewe.

Kuliwasha likiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba unataka kulikuta baridi, na ukifika weka kiganja juu ya boneti na karibu na bomba la ekzosi kabla ya salamu kwisha. Likiwa na joto, ahirisha na urudi kesho. Mtu anayelipasha gari moto kabla hujafika ana sababu.

Ukiliwasha, itanguruma juu, mizunguko ikiwa imepanda, na kutakuwa na sauti ya upepo kama feni kubwa kwa muda wa kama dakika moja. Hiyo ni pampu ya hewa inayosaidia kupasha kichujio cha moshi, si ubovu. Unachokitafuta ni mgongano wa chuma, mkavu, kutoka mbele ya injini katika sekunde za kwanza. Hizo ni variata: vyuma viwili vilivyoko kwenye shafti za kamu za upande wa hewa inayoingia, vinavyogeuza taimingi kwa presha ya oili. Zikichoka hazishikilii oili usiku kucha, na asubuhi hugongana mpaka presha ifike. Mlio wa nusu sekunde, mara moja, gari likiwa limelala wiki nzima, hauna neno. Ukiendelea sekunde mbili tatu kila asubuhi, hesabu kwamba mbele ya injini itafunguliwa, na hiyo ni kazi ya maelfu ya pauni. Magari ya miaka ya mwanzo ndiyo yanayosumbua zaidi kwa hili. Oili iliyopitwa na muda huongeza ubovu, kwa sababu variata inategemea oili safi kupita kwenye vijitundu vyembamba.

Baada ya hapo liache lipate joto hadi sindano itulie. Weka D, kanyaga breki, usikilize kwa makalio. Mtetemo unaopanda kwenye kiti na usukani ni maunti za injini zilizolegea. Injini ikikohoa kwenye silinda moja, inaweza kuwa koili ya plagi tu, lakini usilichukulie hivi hivi: petroli isiyoungua huenda ikaungulia ndani ya kichujio cha moshi na kukiyeyusha, na kichujio ndicho moja ya vipuri ghali kabisa hapa. Kwa sababu hiyo hiyo, angalia kama vichujio bado vipo. Kuna waliovikata ili sauti iwe kali, na kuna waliovipoteza kwa wezi.

Lipandishe juu

Gari lisilopandishwa kwenye lifti halijakaguliwa. Toa kinga ya plastiki ya chini mbele. Muuzaji akikataa kuiondoa, basi kuna kinachofichwa.

Kwanza sabfremu ya mbele, yaani fremu ndogo inayoshikilia injini na miguu ya mbele. Magari yaliyoishi Uingereza na kaskazini mwa Ulaya yamepita juu ya chumvi ya barabarani kila msimu wa baridi, na sabfremu hii hushika kutu kwa ndani ya kinga ambako hakuna anayeangalia. Kutu ya juu juu inakwanguliwa na kupakwa. Bisibisi ikizama, ondoka. Fuata na mabomba ya chuma ya oili na ya usukani, sehemu za kuwekea jeki, na miisho ya vizingiti vya milango.

Pili miguu. Mikono ya mbele na nyuma ni ya aluminiamu, na bushi zake na boljointi za mikono ya chini ya mbele huchoka kwa uzito wa gari na ukubwa wa tairi. Barabarani utasikia kugonga kwa chini kwenye mashimo madogo, si makubwa. Kwenye lifti tia mtaimbo kati ya mkono na sabfremu, usukume taratibu: bushi nzima inarudi, iliyokufa inaonyesha nafasi. Angalia ukingo wa ndani wa tairi za mbele; ukiwa umelika huku katikati bado pana mifereji, ama bushi ama alaimenti. Ukinunua kwa wakala utauziwa mkono mzima. Mafundi wa nje hukamua bushi za zamani na kutia za poliyurithini, kwa bei ya chini zaidi, na kwa barabara zetu poliyurithini inafaa, ingawa inapitisha ukali kidogo zaidi ndani.

Shokapu za Skyhook zinajirekebisha kwa umeme, na moja ikivuja unabadilisha mbili za ekseli moja. Oili kwenye mwili wa shokapu ndiyo dalili. Baadhi ya S zina shokapu za kawaida zisizo na umeme, na kwa anayetaka amani hilo si kasoro. Ukikuta gari lililokuwa na Skyhook limewekewa za kawaida, uliza onyo la dashibodi lilinyamazishwaje.

Breki: diski za mbele za S na 4.7 zina kitovu cha aluminiamu kilichounganishwa na chuma, ni kazi ya Brembo, na zinalipiwa kwa uzito wa jina hilo. Ukihisi usukani unatetemeka ukifunga breki kutoka kilomita 110, ziweke kwenye hesabu. Handibreki ya magari ya otomatiki ni ya umeme. Ifunge na kuifungua mara nne tano, usikilize mota isihangaike. Tairi za 4.2 kwa kawaida ni za inchi 19, 245/40 mbele na 285/40 nyuma, za 4.7 ni inchi 20, 245/35 na 285/35. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo uliochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikipita miaka sita, ni za kubadilisha, hata kama zinang'aa.

Mwili na ndani

Kipimo cha unene wa rangi kinasaidia, ila kiwe kile kinachosoma aluminiamu pamoja na chuma, kwa sababu boneti ni ya aluminiamu. Rangi ya kiwandani huwa kati ya maikroni 100 na 160 hivi. Ukiona 300 pamepakwa upya, ukiona 1,000 kuna pastiki ya kuzibia mibonyeo. Mlango wa buti ni wa plastiki iliyoimarishwa na kipimo hakitasoma kitu, kwa hiyo usianze kumtuhumu mtu. Malengelenge kwenye kingo za boneti ni aluminiamu inayooza chini ya rangi, na kupaka juu yake ni kupoteza pesa. Lazima ikwanguliwe hadi chini.

Ndani, vitufe vinavyonata kama vimemwagiwa soda ni kawaida ya magari ya Kiitalia ya miaka ile: utandu wa mpira uliopakwa juu ya plastiki umeyeyuka. Vinatolewa na kusafishwa. Ngozi ya dashibodi iliyovutika na kuachia karibu na kioo cha mbele ni ugonjwa wa jua, na huo kuutibu ni kutoa dashibodi nzima. Mfumo wa ramani wa magari ya kabla ya 2018 ulishazeeka; usiulipie hata senti. Funguo ziwe mbili.

Wapi pa kununua

Uingereza ina magari mengi yenye usukani wa kulia na historia ya MOT, ukaguzi wao wa lazima wa kila mwaka, inayosomwa bure mtandaoni kwa namba ya gari tu, pamoja na kilomita za kila mwaka na maneno ya mkaguzi. Ni nchi chache zinazokupa ukweli mwingi hivyo bila malipo. Shida yake ni chumvi.

Japani hakuna chumvi nyingi kwenye miji mikubwa, na gari hukaguliwa kwa lazima miaka mitatu baada ya kununuliwa jipya, kisha kila miaka miwili. Dai karatasi ya mnada yenyewe, si tafsiri ya dalali. Daraja 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA maana yake liliwahi kugongwa na kutengenezwa kiunzi. Kwenye mchoro, A ni mikwaruzo, U mibonyeo, W palipopigwa rangi, XX paneli iliyobadilishwa, S kutu. Lakini tazama upande wa usukani kabla ya kitu kingine. Kule Japani wenye pesa wengi walipenda magari ya Kiitalia yenye usukani wa kushoto, kwa hiyo "limetoka Japani" si hakikisho la usukani wa kulia.

Ghuba magari ni mengi, yana usukani wa kushoto na hayana kutu. Yana jua, na yana mambo mawili mengine. Moja, kuna magari yaliyonunuliwa Marekani kwenye minada ya ajali na kujengwa upya. Namba ya chesisi itafutwe kwenye rekodi za Marekani kabla ya kuona picha nyingine yoyote. La pili, mafuriko ya Dubai ya tarehe 16 Aprili 2024. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho wake utafute mstari wa tope, inua zulia, tazama boliti za reli za viti na soketi za umeme zilizoota kijani. Gari hili lina kompyuta na nyaya nyingi chini ya zulia, na lililozama halitengemai.

Kuleta nyumbani, anza na sheria kabla ya mapenzi. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto kwa mtu wa kawaida, wala lililozidi miaka minane tangu usajili wa kwanza. Uzalishaji uliisha 2019, hesabu mwenyewe yamebaki mangapi. Mengi yatanunuliwa kwa wamiliki waliokwisha kuyaingiza. Uganda inakataa yaliyozidi miaka 15. Tanzania inapokea ya zamani lakini inatoza ushuru wa ziada kwa umri, na kikokotoo cha TRA, mamlaka yake ya mapato, mtandaoni kitakupa picha kabla hujamlipa dalali. Injini ya lita 4.7 iko kwenye kundi la juu la ushuru popote utakapokwenda. Kwa Rwanda, Burundi na Kongo, wanakoendesha upande wa kulia wa barabara, magari ya Ghuba na bara la Ulaya ndiyo yanayofaa.

Pesa za baada ya kununua

Weka kando asilimia 15 ya bei ya gari kwa mwaka wa kwanza, na usiihesabu kama akiba. Hata gari zuri litataka oili ya injini ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu chake, oili ya giaboksi kama hakuna stakabadhi, oili ya breki ambayo huvuta unyevu na kubadilishwa kila miaka miwili, na mara nyingi betri. Betri dhaifu kwenye gari hili hutoa maonyo ya uongo ya giaboksi, ya Skyhook na ya handibreki kwa pamoja. Kabla fundi hajaanza kufungua kitu, pima betri kwanza. Kama halitembei kila wiki, liache limeunganishwa na chaja ya kulindia betri.

Petroli iwe ya oktani ya juu kabisa unayoipata, kwa sababu mgandamizo wa injini ni zaidi ya 11 kwa moja na petroli dhaifu huifanya kompyuta irudishe taimingi nyuma na kupunguza nguvu. Tangi ni la lita 86 na litakwisha upesi kuliko unavyofikiri. Kwenye matuta, liendee kwa mshazari, gurudumu moja moja, na kila baada ya miezi michache chungulia kama kinga ya plastiki ya mbele bado ina skrubu zake zote: ikining'inia, upepo wa barabara kuu utaing'oa.